Kadi ya mwaka ya kutembelea ngome na majumba ya kale Uingereza: uchukue ipi?

Huko Hardwick, Derbyshire, kuna majumba mawili yaliyojengwa na bibi mmoja. Bess wa Hardwick alianza la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1580, na mwaka 1590, hilo halijakamilika bado, akaanzisha jingine hatua chache tu kutoka pale. La pili lina paa lake, vitanda vyake, mazulia ya ukutani na madirisha ya vioo yasiyo na mfano. La kwanza limebaki kuta. Unapanda ngazi ghorofa baada ya ghorofa, na huko juu unakuta majitu mawili ya lipu yangali yamesimama juu ya meko, upepo ukipiga kutoka kila upande. Jumba lenye paa ni la National Trust. Magofu yanaangaliwa na English Heritage. Hizi ni asasi mbili zinazotunza maeneo ya kale, na kila moja ina kadi yake ya uanachama ya mwaka, inayokuingiza bila kulipa tena mlangoni.

Siku niliyowapeleka wanangu, mkubwa alitaka tubaki kwenye magofu hadi jioni, mdogo akang'ang'ania arudi kwenye kile kitanda chenye mapazia. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza tofauti ya kadi hizi mbili, humwambia aende Hardwick kwanza.

Swali lenyewe hulisikia kila mara hapa Leicester, kwenye harusi, kwenye hitima, hata foleni ya shule: kadi ipi inalipa? Nimekuwa nazo tatu kati ya nne nitakazozieleza, kwa nyakati tofauti, na nimewahi kuchagua vibaya. Naandika kwa ajili ya ndugu wanaoishi Uingereza na wanaotaka watoto wao wayajue maeneo haya kwa miguu, si kwa picha za kitabu cha shule.

Tunapima kwa vigezo gani

Cha kwanza ni unachokiona: jumba lenye fanicha, magofu, bustani, au kasri la wafalme. Cha pili ni gharama, na hasa nani anaingia kwa kadi moja, maana familia zetu hazina watoto wawili tu wa kwenye matangazo. Cha tatu ni safari na msimu: unafika bila gari? Januari pako wazi? Cha nne ni inamfaa nani.

Kuna hesabu moja ya kufanya kabla ya yote. Fungua ramani kwenye tovuti ya kila asasi, ingiza msimbo wako wa posta, kisha hesabu maeneo unayoweza kufika ndani ya saa moja na ambayo hulipisha mlangoni. Hayo ndiyo utakayokwenda kweli. Stonehenge, yale mawe makubwa ya kale yaliyosimamishwa kwa duara, utakwenda mara moja. Ngome iliyo dakika 25 kutoka kwako utakwenda mara nne. Ukikuta maeneo mawili tu ya namna hiyo, kadi hiyo iache, hata kama asasi ina mamia nchi nzima.

Bei nitakazozitaja ni za kukadiria. Hupanda karibu kila mwaka, na mara kwa mara hutolewa punguzo kwa wanachama wapya, kwa hiyo tazama bei ya siku unayojiunga.

## English Heritage

Unaona nini. Maeneo zaidi ya 400, yote ndani ya England: Stonehenge, Dover Castle, Kenilworth, Whitby Abbey, Tintagel, na vipande vya Ukuta wa Hadrian uliojengwa na Warumi. Ubora wake uko kwenye magofu na ngome. Aliyewahi kutembea Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani, au Gedi karibu na Malindi, atajiona yuko kwao: matao, nyasi, mawe yaliyolambwa na mvua, na paa unaliezeka mwenyewe kichwani. Majumba yenye fanicha yapo pia, kama Osborne, kasri la Malkia Victoria kisiwani Wight. Ila ile hesabu ya 400 isikuvimbishe kichwa. Zaidi ya nusu ya maeneo hayo huingiwa bure na yeyote, awe na kadi au hana.

Hapa ndipo nilipoona watoto wangu wakianza kuuliza maswali ya kwao. Kwenye Ukuta wa Hadrian walilinda askari Wamauri kutoka Afrika Kaskazini, na Septimius Severus, mfalme wa Roma aliyekuja kupigana huko kaskazini na kufia York mwaka 211, alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo. Portchester Castle, karibu na Portsmouth, ilipokea mwaka 1796 wafungwa wa vita zaidi ya 2,000 kutoka Karibi, wengi wao watu weusi waliokuwa wakipigana upande wa Ufaransa. Walishushwa majira ya vuli, wametoka kwenye joto. Binti yangu alisoma hayo, akauliza kama walipewa makoti. Tulikaa pale kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Gharama na nani anaingia. Mtu mzima mmoja hulipa kati ya pauni 70 na 80 hivi kwa mwaka, na wawili kwa pamoja hulipa pungufu ya mara mbili. Kilichonivuta mimi ni watoto: kila mwanachama mtu mzima anaweza kuingia na watoto hadi 6 wa chini ya miaka 18 wa familia yake, bila kuongeza senti. Kwa mwenye watoto wanne na wapwa wawili wanaoshinda kwake kila likizo, hii ni nafuu kubwa. Mtu mzima akienda Stonehenge na Dover Castle tu amekwisha rudisha zaidi ya nusu ya ada. Akiwa na watoto watatu, imerudi yote na chenji.

Kadi hii pia hukupa nusu bei kwenye maeneo ya asasi ya serikali ya Wales, Cadw, na ya Historic Scotland kwa mwaka wa kwanza. Ukihuisha, kuanzia mwaka wa pili unaingia bure.

Safari na msimu. Ngome zilijengwa mahali ambapo adui angehangaika kufika, na wewe mwenye kigari cha mtoto utahangaika vilevile. Ngazi za kuzunguka, nyasi zenye utelezi, na mvua ikikukuta mara nyingi hakuna pa kukimbilia ila duka la zawadi. Majira ya baridi maeneo mengi hufunguliwa wikendi tu. Bila gari inawezekana kwa baadhi: Dover na Whitby zina treni, Eltham Palace iko London. Mengine yako mashambani kabisa.

Inamfaa nani. Wazazi wenye watoto wengi wanaopenda kukimbia, na mtu mwenye hamu ya historia ya zamani sana: Warumi, watawa, vita vya Zama za Kati.

## National Trust

Unaona nini. Asasi hii iliundwa mwaka 1895 na inashika maeneo zaidi ya 500 England, Wales na Ireland ya Kaskazini: majumba ya mabwanyenye yenye kila kijiko mahali pake, bustani, misitu, na mamia ya maili za pwani. Watu wengi hudhani wanalipia majumba, kisha baada ya mwaka wanagundua kwamba walichotumia zaidi ni bustani, njia za kutembea na mgahawa.

Ukitaka nikutajie nyumba moja tu, ni Calke Abbey, mpakani mwa Derbyshire na Leicestershire. Ukoo wa Harpur Crewe ulikuwa hautupi kitu. National Trust ilipoichukua mwaka 1985 iliamua kuiacha kama ilivyokutwa: karatasi za ukutani zimebanduka, vyumba vimejaa ndege waliokaushwa, viti vimepandiana. Ndani yake kilikutwa kitanda cha hariri ya Kichina cha karne ya 18 ambacho hakijawahi kutolewa kwenye makasha yake. Leo kiko nyuma ya kioo, na bluu yake na nyekundu yake zinawaka kana kwamba fundi alimaliza juzi, kwa sababu jua halikuwahi kuzigusa. Nimewaona wazee wamesimama mbele yake kimya, kama watu waliofunuliwa kanga mpya ya bibi iliyokaa sandukuni miaka yote.

Na pesa za majumba haya zilitoka wapi? Mwaka 2020 National Trust yenyewe ilichapisha ripoti iliyotaja maeneo yake 93 yenye uhusiano na ukoloni au utumwa. Penrhyn Castle kule Wales ni mfano: nyuma yake kuna mashamba ya miwa ya Jamaica. Mimi huenda na wanangu nikiwa nimeshawasimulia habari hiyo njiani, ili wakiona dhahabu waone na mikono iliyoilipia.

Gharama na nani anaingia. Ada ya mtu mmoja inazunguka pauni 100. Kadi ya familia huchukua watu wazima wawili wa nyumba moja pamoja na watoto au wajukuu wao wa chini ya miaka 18. Vijana wa miaka 18 hadi 25 wana kadi yao ya bei nafuu. Kiingilio cha mlangoni kwenye majumba mengi ni kama pauni 15 hadi 20, kwa hiyo mtu peke yake anahitaji safari tano hadi saba kabla ada haijajilipa.

Lakini usisahau maegesho. Mwanachama huegesha bure kwenye maegesho mengi ya asasi hii, pamoja na ya ufukweni na milimani. Familia iliyokwenda Cornwall au Lake District kwa wiki nzima inajua maana yake. Na jambo ambalo wengi hawalijui: mwanachama wa National Trust ya England huingia Stonehenge bure pia, kwa kuwa ardhi inayoizunguka ni ya asasi hiyo. Ikiwa Stonehenge ndiyo sababu pekee inayokusukuma kuchukua kadi ya English Heritage, fikiri tena.

Safari na msimu. Gari karibu ni lazima. London ina machache yanayofikika kwa treni au basi, kama Osterley, Ham House na Sutton House ya Hackney. Kuanzia Novemba hadi Februari majumba mengi hufungwa au hufunguliwa vyumba vichache, ila bustani na viwanja hubaki wazi, na mzee asiyeweza ngazi bado ana pa kutembea na kiti cha kukaa.

Inamfaa nani. Wenye gari, wenye watoto wadogo sana, wenye wazazi wazee nyumbani, na wote wanaotaka mahali pa kupumulia kila Jumapili.

## Historic Houses

Unaona nini. Hii si asasi inayomiliki majumba; ni umoja wa wenye majumba wenyewe, ulioanza mwaka 1973. Kadi yake hukufungulia mamia ya nyumba ambazo bado ni mali ya watu binafsi, na nyingi zinakaliwa. Castle Howard kule Yorkshire ni mojawapo. Kwenye nyumba hizi unaweza kukuta picha ya arusi ya mwaka jana imewekwa pembeni ya mchoro wa karne ya 17, na anayekutembeza akawa mwenye nyumba mwenyewe.

Gharama na nani anaingia. Ada iko karibu na ya English Heritage. Watoto si nguvu yake.

Safari na msimu. Hapa ndipo penye ugumu. Baadhi ya nyumba hufunguliwa siku chache sana kwa mwaka, nyingine kwa miadi tu. Bila gari na bila kalenda utaishia kulipia kitabu cha anwani.

Inamfaa nani. Mtu mzima au wanandoa wasio na haraka, ambao tayari wamezunguka kwingine na wanataka nyumba zisizo na umati.

## Historic Royal Palaces

Unaona nini. Makasri sita tu: Tower of London, Hampton Court, Kensington Palace, Banqueting House, Kew Palace, na Hillsborough Castle Ireland ya Kaskazini. Ni machache, ila moja tu kati yake linaweza kukumaliza siku nzima. Tower ina vito vya taji, kunguru wake na mnara wa William Mshindi wa karne ya 11. Hampton Court ina majiko ya Henry VIII na mzingile wa ua wa miti ambao watoto hupotea humo kwa furaha.

Gharama na nani anaingia. Kati ya pauni 60 na 80 kwa mtu mmoja, na kuna kadi za familia. Tiketi ya Tower peke yake kwa mtu mzima inazidi pauni 30. Ukienda Tower na Hampton Court mara moja moja umeshaikaribia ada. Kensington ikiongezeka, umeivuka.

Kabla hujalipa, angalia jambo hili. Anayepokea Universal Credit au baadhi ya misaada mingine ya serikali anaweza kununua tiketi ya pauni 1 kwa Tower, Hampton Court na Kensington. Nawajua watu waliokaa London miaka kumi wakiipita Tower kwenye basi kila siku, wakiamini si mahali pao, kumbe pauni 1 ingetosha. Mwambie jirani.

Safari na msimu. Hakuna kadi nyingine nyepesi hivi kwa asiye na gari. Tower iko karibu na kituo cha Tower Hill, na Hampton Court ina treni ya moja kwa moja kutoka Waterloo. Tower hufunguliwa karibu mwaka mzima.

Inamfaa nani. Wakazi wa London na viunga vyake, na wanaopokea wageni mara kwa mara. Kwa mtu wa Leicester kama mimi, nauli ya treni hula faida yote.

## Ukiwa Uskoti au Wales

Glasgow na Edinburgh wana hesabu yao. Historic Scotland inashika ngome za Edinburgh na Stirling, na Edinburgh peke yake hurudisha sehemu nzuri ya ada. National Trust for Scotland, iliyoundwa mwaka 1931, ni asasi tofauti na ile ya England, yenye uwanja wa vita wa Culloden na bonde la Glencoe, ila wanachama wa pande zote mbili hukubaliwa kwa wenzao. Mtego ni Stonehenge: kadi ya Uskoti haikuingizi bure pale. Wales, kadi ya Cadw inatosha kwa ngome za Caernarfon, Conwy, Harlech na Beaumaris.

## Yaliyo nje ya kadi zote

Buckingham Palace na Windsor haziko kwenye kadi yoyote hapa. Ukinunua tiketi yao moja kwa moja kwa wasimamizi unaweza kuigeuza iwe ya mwaka mzima, basi usinunue kwa wauzaji wa kati.

Newstead Abbey, karibu na Nottingham, pia haimo. Ni ya halmashauri ya jiji. Lakini sisi wasemaji wa Kiswahili tuna deni nayo. Livingstone aliandikia kitabu humo mwaka 1864 na 1865, na mwaka 1874 Chuma na Susi, waliobeba maiti yake kutoka Chitambo, Zambia ya leo, hadi pwani, walifika huko walipoletwa England. Kiswahili kilisemwa kwenye vyumba vile kabla babu zetu hawajazaliwa. Ukipita Nottingham, lipa kiingilio.

Na kila Septemba, England huwa na siku za Heritage Open Days, ambapo maelfu ya milango hufunguliwa bure.

## Kwa hali yako

Una watoto watatu au zaidi, una gari, na ngome zaidi ya mbili ziko karibu: English Heritage. Hesabu ya watoto peke yake inaamua.

Una mtoto wa kubebwa, au mama yako anakaa nawe na magoti yanamsumbua: National Trust, kwa ajili ya njia tambarare, vyoo na mgahawa. Kama anahitaji mtu wa kumsaidia kutembea, ulizia mapema; asasi hizi humruhusu msaidizi kuingia bure.

Uko London bila gari: Historic Royal Palaces, ila tu kama hustahili tiketi ya pauni 1. Kenwood, nyumba aliyokulia Dido Elizabeth Belle, mtoto wa mama mtumwa na baba afisa wa jeshi la majini la Uingereza, haina kiingilio.

Wewe ni mwanafunzi: usichukue kadi ya bei kamili popote. Uliza ya vijana au ya wanafunzi.

Shangazi anakuja kutoka Tanga kwa wiki mbili: msimchukulie kadi ya mwaka. English Heritage ina pasi ya wageni kutoka nje, ya siku 9 au 16.

Umehamia juzi na hujui utaishi wapi mwakani: subiri. Nami nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa kadi yangu ya kwanza, ya asasi nisiyoitaja hapa, ilijihuisha yenyewe benki baada ya sisi kuhamia mji mwingine, na nilipogundua mwezi wa kurudishiwa ulikuwa umepita. Ukilipa kwa makato ya benki, andika tarehe ya kuisha kwenye simu, wiki tatu kabla.

Bado umekwama kati ya mbili? Chagua eneo moja la kila asasi, nenda kwa tiketi ya kawaida Jumamosi mbili tofauti. Tunza risiti. Watoto wakiuliza mtarudi lini, pita mezani kabla hujatoka getini na uulize kujiunga hapohapo. Mara nyingi hukutolea bei ya tiketi ya siku ile kwenye ada.